Taazia za wanachuo ziandikwe kwa usahihi

Mhariri,

Taazia ambazo wasomi wakongwe huandikiwa na waliosoma nao hukosea hasa jina la chuo. Aliyehitimu Dar es Salaam mwaka 1968 alitunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wenzake wa Makerere na Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea Julai 1970. Morogoro nako, Sokoine ni chuo kikuu tangu 1984. Kabla yake kilikuwa kitivo cha Dar es Salaam. Inauma, maana marehemu hawezi kujisahihishia.

Kumbukumbu huchanganya mwaka wa kuingia na wa kuhitimu, hivyo tazameni cheti au kitabu cha mahafali. Vyeo vipangwe kwa miaka, na familia isome rasimu kabla haijachapwa.

Msomaji,
Morogoro