Uamuzi wa kompyuta nao ujibiwe kwenye mkutano wa kijiji

Mhariri,

Siku hizi ukienda ofisi ya umma kufuatilia haki yako, jibu linalomaliza mazungumzo ni "mfumo umekataa". Ukishaambiwa hivyo huna la kuongeza, na aliyekuambia naye hana la kueleza. Hapo akili unde (AI) bado haijaingia sawasawa. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inayahesabu mageuzi ya kidijitali kuwa miongoni mwa vichocheo vyake, na Mahakama imekwisha kuanza kutumia programu za kunukuu na kutafsiri mashauri. Halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini zamu yao itafika. Kabla haijafika naomba jambo moja: uamuzi wowote wa mashine unaomgusa mwanakijiji uwe na mtumishi wa kuujibia mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Siitetei njia ya zamani. Wakulima wa mahindi wa Mbozi na Iringa hawajasahau vocha za pembejeo zilizoanza mwaka 2008, na majina hewa, na saini za kughushi. Usajili wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/23, ambapo kila mkulima anakuwa na namba yake, umeziba baadhi ya mianya hiyo. Kompyuta haina shemeji.

Ina kanuni, hata hivyo, na kanuni imeandikwa na mtu. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imetuonyesha namna inavyokuwa. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, kwanza wanakijiji hutaja mkutanoni kaya wanazozijua kuwa maskini. Baadaye taarifa za kaya hizo, kama wategemezi, hali ya nyumba na mali, huingizwa kwenye kompyuta ambayo hupiga hesabu ya nani anastahili. Hatua ya kwanza kila mtu anaielewa na anaweza kunyoosha mkono akapinga. Kwa hatua ya pili atamnyooshea nani mkono? Sijawahi kuona ubao wa matangazo wa kijiji uliobandikwa uzito wa kila jibu katika hesabu hiyo.

Tuseme kanuni fulani inahesabu paa. Tukuyu tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nyasi huoza upesi, hivyo hata asiye na kitu atajibana, au atachangiwa na ukoo, mpaka apate bati. Ukishuka bonde la Usangu, kule Mbarali, mvua haifikii nusu ya hiyo, na chini ya paa la nyasi unaweza kumkuta mwenye zizi la ng'ombe. Bibi wa Tukuyu ataonekana tajiri kwa sababu ya bati. Majirani zake wanaujua ukweli bila kikokotoo. Kompyuta itaujua iwapo tu aliyeitengeneza aliwahi kufika huku akauliza. Tena hiyo ni hesabu ya kawaida, inayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Akili unde hujifunza kutoka kumbukumbu za miaka iliyopita, inarithi upendeleo uliomo, na mara nyingine hata walioiunda hawawezi kusema kwa nini imemwacha huyu ikamchukua yule.

Uholanzi, nchi yenye mahakama imara na kumbukumbu zilizopangwa vizuri, imepita humo. Mamlaka yake ya kodi ilitumia programu ya kupima nani huenda anadanganya katika maombi ya posho ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Maelfu ya familia zilisingiziwa udanganyifu na kudaiwa fedha ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzilipa. Afisa aliyepewa faili kulikagua hakuelezwa kwa nini mashine ililichagua. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo, lakini kwa familia nyingi nafuu ilikuwa imechelewa mno.

Kwetu msingi wa sheria upo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, iwe uamuzi umetolewa na mahakama au na chombo kingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamruhusu mwananchi kutaka, kwa maandishi, uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake. Ni kifungu kizuri, ila kinamtaka mtu aandike barua kuhusu jambo ambalo huenda hakuna aliyemwambia. Asipoambiwa, atajuaje kwamba aliyemkataa ni kompyuta?

Ndiyo maana naurejea mkutano mkuu, ambao kwa sheria zetu za serikali za mitaa ndio mamlaka ya juu kijijini. Watakuwepo watakaosema wanakijiji hawawezi kujadili hisabati. Hawaombwi hisabati. Watasomewa kwa Kiswahili mambo ambayo mashine inayapima, waseme kama yanaendana na maisha ya hapo, na aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na cheo cha afisa wa kupokea rufaa yake. Mambo ya ugonjwa au ya ndani ya ndoa yasisomwe hadharani. Hayo yabaki kwenye rufaa. Na afisa huyo awe na mamlaka ya kuubatilisha uamuzi wa mashine, maana rufaa inayorudishwa kwenye mfumo uleule ni usumbufu wa nauli tu.

Kampuni zitakazouza programu hizo zitadai kwamba kanuni ni siri ya biashara. Mkataba ukishasainiwa, mwanasheria wa halmashauri atakuwa amefungwa mikono. Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Rungwe, Busokelo na kwingineko, siku watakapoletewa mapendekezo ya kununua mfumo wa aina hiyo, wadai kuona kifungu kinachomlazimu muuzaji kueleza kanuni zake, na kisipokuwemo wairudishe bajeti hiyo kwa mkurugenzi.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya