Kaka, shamba la Hombolo lisiguswe

Shikamoo kaka, mbukwenyi wote hapo nyumbani.

Voisi yako nimeisikia, nimechelewa kujibu sababu huku Jumla, Nepal, mtandao mpaka upande kilimani kuutafuta, na nyie mkiwa saa tatu usiku huku Nepal ni saa sita kasoro robo, watu wameshalala. Baridi ipo ila nimezoea.

Hela nimetuma laki moja kwa mama Nyemo, ndo iliyopo. Kaka nimekuja kujitolea, sijaajiriwa, napewa posho ya kula tu.

Ila kilichoniuma sio hela. Eti dalali kaleta mteja wa shamba na bamdogo kashapokea advansi?! Mama yetu mwenyewe mlimuuliza? Ile mizabibu kaimwagilia kwa ndoo ya kichwani tukiwa wadogo, ada yangu mpaka fomu foo imetoka pale pale. Najua viwanja vimepanda tangu serikali ihamie Dodoma, lakini hela ya kiwanja mtanunua bodaboda mbili basi imeisha, zabibu mnavuna mara mbili kwa mwaka.

Halafu kaka, maji ya huku kijijini yametoka! Tumechimba mtaro kwa majembe kijiji kizima, bomba limeshuka toka chemchemi ya juu kabisa, hakuna pampu wala dizeli, maji yanateremka yenyewe mpaka kwenye tenki. Na mimi ndo nimeunga mabomba ya plastiki, unashika ncha mbili unazibana kwenye bamba la moto mpaka zilainike, unatoa bamba haraka unazigandamiza zishikane, mkono ukitikisika umeharibu. Viungo vyangu havivuji hata kimoja. Siku yalipofika bombani bibi mmoja akanibandika tika kwenye paji la uso, mchele na mtindi na rangi nyekundu, akaniita chhori, yaani binti yake. Nikamkumbuka mama na ile ndoo, nililia mbele za watu wote.

Wanasonga ugali wa ulezi huku, wanauita dhindo, nikiula nawaona nyie mmezunguka sinia. Mlenda tu ndo hakuna jamani, nina hamu nao mpaka nauota.

Mwambie bamdogo arudishe hela ya watu. Kama kashaila niambie ni shilingi ngapi, nitalipa kidogo kidogo mpaka iishe. Ila mpigie leo leo kaka, usisubiri kikao.

Mdogo wako