Barua kwa mwanangu: Usiipime Njombe kwa macho ya Desemba

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Mvua imekata na baridi imeanza kung'ata.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mnataka kuhamia huku Njombe Desemba hii kwa sababu kodi ya Dar inakula laki nne kila mwezi, na nyumba ya ukubwa uleule hapa Njombe mjini umeambiwa laki moja na nusu, kwa hiyo utaokoa laki mbili na nusu. Hesabu haina kosa, ila umeianzia mkiani. Anza na mshahara, maana huo ndio utakaouacha Dar.

Wewe unaacha kazi mwenyewe, huachishwi. Kwa sheria ya ajira ya 2004, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10, ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nalo halimhusu aliyejiuzulu. Utakachodai ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo usiyoichukua, na cheti cha utumishi. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, labda mkataba wako uwe umetaja zaidi. Ukiondoka ghafla, watazikata siku hizo kwenye pesa yako. Bima ya afya ya kazini inakwenda na kazi, kwa hiyo tafuta nyingine kabla kadi haijafungwa. Huku zahanati na hospitali zipo, lakini ugonjwa mzito unaweza kukupeleka Hospitali ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 200.

Unasema utawatunzia vitabu wafanyabiashara wa mbao na viazi. Kazi hiyo ipo. Ila mteja wa namna hiyo hulipa akishauza, si tarehe 28, na akiuza vibaya utaambiwa subiri. Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka uwe na wateja watatu ambao kila mmoja ameshakulipa walau mara mbili. Waanze nao kwa simu na barua pepe ukiwa hukohuko.

Sasa parachichi, maana najua ndilo lililokuvuta. Ukipanda aina ya Hass kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miche 80 hivi. Mche uliobebeshwa, yaani uliopandikizwa kikonyo cha mche mwingine, huanza kukupa matunda ya kuuza mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno ya maana huja baadaye zaidi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua, kwa hiyo miche michanga lazima imwagiliwe, na maji hayo yana gharama: pampu, mafuta, au kibarua wa kubeba ndoo. Wanaotoka mjini na akiba zao huanguka mwaka wa pili. Pesa inaisha, shamba linakosa palizi na maji, miche inakauka ikiwa imebakiza mwaka mmoja tu izae. Bondeni kuna shida nyingine: hewa ya baridi hutelemka usiku ikatulia huko, na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikipiga, majani hubabuka kama yamechomwa. Ndiyo sababu shamba la bondeni wakati mwingine huuzwa kwa bei ya kukushangaza.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza usinunue ardhi kabisa. Panga nyumba. Baadaye, kiwanja cha mjini kiwe kimepimwa, na ufanye upekuzi wa umiliki kwenye ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Cha kijijini kinapita kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mwenyekiti peke yake haikulindi.

Turudi kwenye matumizi. Chukua daftari, wewe na mkeo, muandike kila shilingi kwa miezi mitatu, hadi vocha na bodaboda. Kisha pigieni kila mstari bei ya huku. Viazi, maharage, mboga na maziwa vitashuka. Nauli ya daladala itakaribia kuisha. Lakini mafuta ya kula, sukari, sabuni na gesi vinapandishwa na lori kutoka huko, havina sababu ya kushuka. Petroli unaweza kuihakiki mwenyewe: EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutoa bei kikomo za kila mji Jumatano ya kwanza ya mwezi, linganisha Dar na Njombe. Michango haipungui. Harusi zitakuwa chache, lakini misiba utakwenda mwenyewe, na utakaa. Ukituma elfu kumi kwa simu tu halafu ukaendelea na shughuli zako, watu wa hapa watakuona.

Kuna gharama ambayo haimo kabisa kwenye hesabu yako, nayo ni baridi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Maharage yanakaa jikoni muda mrefu zaidi kuliko Dar, na mtungi unaisha mapema. Mkeo ayaloweke usiku kucha. Halafu maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20, kuitoa nyuzi 15 hadi 40, inakula karibu uniti 0.6 za umeme. Ndoo tatu kwa siku ni uniti 50 na ushee kwa mwezi. Kama LUKU yenu, mita ya umeme wa kulipia kabla, iko kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75, ongeza taa, pasi na friji uone mtakapoangukia. Ukipenda mkaa, sawa, lakini jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja milango ikiwa imefungwa. Ile hewa haina harufu, na inaua watu usingizini.

Nyumba ikague kama ina dari, kwa sababu bati tupu Julai ni adhabu. Sogeza kabati utazame ukuta wa nyuma kama una ukungu mweusi. Uliza bajaji inafika mlangoni Februari, au inaishia barabara kuu.

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Msimhamishe kabla hajamaliza darasa la nne, mwaka anaoandikishwa kwa upimaji wa Baraza la Mitihani, NECTA. Akimaliza, mwalimu mkuu atoe barua ya uhamisho, na namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM, ihamishwe kwenye mfumo. Bila hiyo shule mpya itakwama kumwandikisha. Na kwa kuwa anasoma mchepuo wa Kiingereza, amueni mapema kama ataendelea nao. Kwa hiyo ninavyoona mimi, si Desemba hii. Ni Desemba ijayo.

Mizigo msikodi gari la kwenda na kurudi. Malori yanayoshusha viazi soko la Mabibo hutafuta mzigo wa kurudi nao, bei yake mtaelewana. Feni uzeni. Kabati la mbao za kugandamizwa nalo uzeni, litavimba njiani likinyeshewa, na mbao ziko huku. Friji isafiri imesimama, na ikifika ikae saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Mama yako anataka mje kesho, na mimi sitajifanya sitaki. Ila hiyo si hesabu.

Una siku 28 za likizo. Usizitumie Desemba, mji ukiwa umejaa wageni wenye pesa na kila mtu anacheka. Wiki mbili njoo Julai hii, wiki mbili Februari, matope yakiwa yamekolea na mifuko imekauka baada ya ada. Panda basi la alfajiri stendi ya Mbezi Luis, jioni uko hapa. Na usifikie kwetu. Utakula chakula chetu, utaoga maji tuliyochemsha sisi, na daftari litakudanganya. Nimeshakuulizia chumba Kibena, cha kulipia kwa wiki. Blanketi nitakuazima.

Baba yako