Kuhusu kijana wetu na raga

Leeds, Uingereza

Kaka,

Natumai mama na wote hapo nyumbani ni wazima. Pesa za dawa zake nilituma Ijumaa. Mimi niko salama, ila baridi imeanza tena.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama kijana wetu, vile amejaa mwili na anacheza raga shuleni, anaweza kuja huku akalipwa. Kwa simu ningekujibu vibaya, ndiyo maana naandika.

Kwanza, raga inayopendwa hapa Leeds si ile yake. Hii ni raga ya ligi, wachezaji 13 kila upande, si 15. Ilianza mwaka wa 1895 katika hoteli moja mjini Huddersfield, si mbali na hapa. Wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodi na viwanda. Wakienda kucheza walipoteza ujira wa siku, na wakubwa wa mchezo wakakataa wafidiwe, basi klabu zikajitenga. Hapo nawaelewa kabisa, maana hata kwenye ghala letu ukikosa zamu hulipwi.

Kijana kule ni propu, yaani mchezaji mzito wa mbele, na anavaa namba 1 mgongoni. Huku propu ni 8 na 10. Timu inaruhusiwa kukabwa mara sita, ya sita ikifika mpira unakwenda kwa wenzao. Kila ukiangushwa unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, na wapinzani lazima wawe wamerudi mita 10. Mita hizo ndizo balaa, Kaka. Propu anapokea mpira akiwa mbioni, na wanaume watatu wanamjia mbioni vilevile. Anapata hatua chache, anaangushwa, anaamka. Mpira ukipotea, ni zamu yake kukaba. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, atafunga kijana mwembamba wa pembeni, na uwanja mzima utaimba jina la huyo mwembamba.

Yuko propu mmoja, Jamie Peacock, mzaliwa wa hapa Leeds. Alianza kuchezea Bradford mwaka wa 1999, akiwa na miaka 21, kwa hiyo si kwamba alichukuliwa akiwa mtoto. Bradford na Leeds ni mahasimu, kama Gor na Ingwe kwenye soka la Kenya, na bado alihamia Leeds mwaka wa 2006. Fainali kuu alishinda tatu akiwa kule na sita akiwa huku. Ya mwisho ilikuwa Oktoba 2015, Old Trafford: Leeds 22, Wigan 20. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, niko baa na wenzangu wa kazini, sijui kanuni hata moja. Nilichoshika ni jitu hilo la miaka 37 linaloamka kila likiangushwa.

Akastaafu, akaenda klabu nyingine, Hull KR, kwa kazi ya uongozi. Mwaka wa 2016 timu ikawa inazama, akavaa jezi tena. Haikusaidia. Walishushwa daraja baada ya kupoteza mechi ya mwisho kwa pointi moja tu.

Pesa ipo, lakini usiifikirie kama ya kandanda. Ligi imeweka kikomo cha mishahara kwa kila klabu, na nyota wachache hula sehemu kubwa. Halafu kuna mwili. Mzee mmoja wa zamu yetu ya usiku alikuwa propu wa klabu ndogo. Vidole vyake viwili havikunjiki, na ngazi hushuka kinyumenyume. Anasema hajuti. Lakini wapo wastaafu walioenda mahakamani kwa sababu ya ubongo ulioharibika, wengine waligunduliwa kabla ya kufika miaka 50. Mama usimsomee sehemu hii.

Mimi sisemi umkataze. Amalize mtihani wake kwanza. Ile video mliyonitumia ni ya trai zake tu. Nirekodieni mechi nzima, hata kwa simu. Nataka kuona anafanya nini akishaangushwa.

Ni mimi mdogo wako.