Asante, mzee wa Gerezani

Mzee wangu wa ovaroli ya bluu, uliyenikuta dukani Gerezani, Kariakoo, Jumanne iliyopita: shukrani hizi ni zako.

Turbo ya Hilux yangu, kile kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada, ilikufa nikiwa na shehena ya nyanya, na nilishaanza kuhesabu hela za kununua nyingine. Ukaniambia, "Subiri kwanza, mwanangu." Ukaiomba ile mbovu, ukafuta kibati chake kwa kitambaa mpaka namba zikasomeka, ukaiweka sambamba na ile niliyotaka kununua dukani. Yangu, ya injini ya 1KD ya lita 3, ina mkono wa kusogeza mabawa ya ndani. Ile ya dukani ilikuwa ya injini nyingine, 2KD, haina mkono huo. Mimi niliziona pacha.

Kisha ukauliza ambacho hakuna fundi aliyeniuliza: "Ya kwanza imekufa kwa nini?" Ukaniagiza nifungue sampo, ile bakuli ya oili chini ya injini, nikague chujio la oili lililo ndani yake. Kweli, lilikuwa limezibwa na masizi mazito, oili haipandi. Washa za nozeli, vile vipete vya kuziba nozeli za dizeli, zilikuwa zinavujisha, ndipo masizi yakaingia kwenye oili. Turbo mpya nayo ingekosa oili, isingedumu. Tumesafisha, tumebadilisha washa, tumeimiminia turbo oili kabla ya kuwasha, kama ulivyoelekeza.

Hukupokea hata ya chai. Mafundi, tafadhali, muulizeni mteja swali lile kabla hajalipa.