Kani ya Vishu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Uliniomba orodha ya vitu vya Vishu, mwaka mpya wetu sisi watu wa Kerala, kusini mwa India. Nakuandikia barua badala yake, kwa kuwa kani haipangwi kwa orodha. Huko Doha watoto wako wataamshwa gizani kama wanavyoamshwa watoto wa Kerala, na kitu cha kwanza watakachokiona ni kile utakachokipanga wewe usiku. Ndiyo maana ya neno kani, kitu cha kwanza kuonwa. Basi usihangaikie wingi wa vitu. Hangaikia mwanga.

Kwanza hakikisha tarehe. Vishu ni siku ya kwanza ya mwezi wa Medam, nayo huangukia Aprili 14 au 15 kulingana na saa ambayo jua linaingia burji ya Hamali. Likiingia baada ya mawio, Vishu husogea hadi kesho yake. Usiifuate tarehe ya mwaka jana, tazama kalenda ya Kimalayalam.

Uruli, chombo cha kupangia kani, ni ile sufuria pana, yenye kina kifupi, ya shaba iliyochanganywa na bati. Isugue kwa ukwaju siku moja kabla, uisuuze na kuikausha kabisa, maana unyevu ukibaki mchele hushikana chini. Tia unakkalari, mchele mkavu ambao haukuchemshwa na maganda yake, si ule tunaoupika kila siku. Kwa uruli ya upana wa futi moja, kilo mbili zinatosha. Ijaze nusu tu. Vitu vya kani husimama kwa kuzama kidogo ndani ya mchele: ukiujaza hadi ukingoni vitabingirika, na ukiwa kidogo tango litaanguka katikati ya usiku.

Tango lenyewe ni vellari ya kani. Chagua lililoiva hadi likawa rangi ya dhahabu, lisilo na doa la kijani. Vunja nazi iliyokomaa katikati, futa maji yote ndani kwa kitambaa, upachike vipande viwili kwenye mchele, umimine mafuta na kulaza utambi. Usipofuta, maji hukaa chini ya mafuta, utambi ukaanza kutatarika na kuzimika. Embe, fenesi dogo na ndizi huwekwa pembeni. Halafu majani ya tambuu na popoo, sarafu, mkufu wa dhahabu, wanja, liwa, na kitabu cha Ramayana, utenzi mtakatifu wa Kihindu. Nguo nyeupe yenye pindo la kasavu, yaani la uzi wa dhahabu, ikunje mikunjo myembamba ifunguke kama kipepeo. Sanamu ya mungu Krishna ikae nyuma, juu kuliko vyote.

Sasa kioo, na hapa naomba uwe makini kuliko penginepo. Valkannadi, kioo cha mpini tulichokutumia, ni ya Aranmula, kijiji cha Kerala, nayo si ya gilasi. Ni shaba na bati vilivyoyeyushwa pamoja, vikasuguliwa kwa siku nyingi hadi vikaakisi kwa uso wa mbele. Ukiweka ncha ya kidole kwenye kioo cha kawaida, utaona pengo kati ya kidole na taswira yake. Kwenye hiki vinagusana. Lakini usijaribu, kwa sababu jasho la kidole hutia doa. Kishike kwa mpini, ukifute kwa kitambaa laini kikavu, bila maji wala ukwaju. Na kisidondoke: bati ni jingi humo, kwa hiyo hakipindi, hupasuka. Kisimamishe mbele ya Krishna kikimtazama anayekuja, ili kila mtu auone uso wake mwenyewe katikati ya neema ile yote. Piga magoti ukijaribu urefu wa mtoto wako mdogo. Wengi hupanga wakiwa wamesimama, na mtoto anapofika huona dari tu kiooni.

Maua ya mti wa konna huwekwa mwisho. Vishada vyake vya manjano hunyauka upesi na hupukutika vikitikiswa, kwa hiyo vinunue jioni ya mkesha na uvisimamishe kwenye maji mpaka saa ya kuvipanga. Siku hizi konna huwahi kuchanua, na ifikapo Vishu mingine imeshapukutika, ndiyo maana maduka yanauza ya plastiki. Usinunue hayo. Kishada kimoja cha kweli, hata maua matano juu ya mchele, kinatosha.

Taa ya nilavilakku, yenye mafuta ya ufuta na tambi tano, iweke ubavuni mwa uruli. Ikiwa nyuma, kila kitu kitageuka kivuli. Zima kiyoyozi kabla ya kuwasha, kwa kuwa hupuliza tambi na kukausha maua, na usogeze mapazia mbali.

Ukimaliza, lala chumba hichohicho, kiberiti kikiwa pahali mkono wako utakapokipata macho yakiwa yamefumbwa. Amka saa kumi na nusu, washa taa, utazame wewe kwanza. Kisha mlete mmoja mmoja, ukiwa nyuma yake na viganja vyako juu ya macho yake. Usiwalete wote pamoja, watasukumana na kufumbua macho njiani. Kama yupo mgonjwa asiyeweza kuinuka, kani ndiyo inayopelekwa kitandani kwake.

Wakishaoga, toa kaineettam: sarafu mkononi mwa kila aliye mdogo kwako, pamoja na ua la konna. Mkubwa ndiye humpa mdogo.

Kwa chakula cha asubuhi pika Vishu katta. Chemsha mchele kwa tui la pili na chumvi kidogo hadi ukaribie kukauka, ndipo utie kasimile, bizari nyembamba na tangawizi kavu, kwa moto mdogo. Ukitia kasimile mapema, au moto ukiwa mkali, tui hukatika na kutoa mafuta. Koroga hadi uache kushika sufuria, utandaze juu ya jani la mgomba unene wa vidole viwili, ukipoa ukate vipande. Uliwe na sukari guru.

Mchele wa kani pia hupikwa, na vellari huingia kwenye mchuzi. Ule mchele tu uliomwagikiwa mafuta, ya kwenye vipande vya nazi au ya nilavilakku, wape ndege barazani.

Mama yako