Daftari la Bi Mkubwa

Paje, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Hujambo? Watoto hawajambo? Joto la Muscat limepungua, au bado mnaishi ndani kama kaa? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Najua nimekaa kimya tangu siku ile uliponipigia, nikashindwa kusema neno, ukabaki kunisikiliza ninalia kwa vocha yako. Niwie radhi. Leo nina shida, na hakuna wa kunitatulia ila wewe.

Arobaini ya Bi Mkubwa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Khitma tumeshaipanga, mchele upo, kaka kanunua mbuzi wawili (kanuna kweli, lakini kanunua). Kilichotukwamisha ni madeni. Unajua mwenyewe, haki za watu haziachwi zikamning'inia maiti. Basi tukapekua kasha lake. Tukatoa kanga ambazo hata hazijapindwa, jozi kwa jozi, mpaka chini kabisa tukalikuta lile daftari. Lile lile, shoga! Jalada limebaki nusu, limezungushiwa kamba ya kufungia mwani.

Ndani hamna jina hata moja. Picha tupu: samaki, mlango, kikombe, baiskeli, mtu mwenye kichwa kikubwa. Mbele ya kila picha vistari, vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Ngumbaru alikwenda wiki mbili akatoka, akasema ubao unamuumiza macho. Macho yenyewe mazima! Hakutaka kukaa kitako tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimjumlishia pale barazani, mimi hesabu zilinishinda tangu zamani. Kikombe nimekijua, yule mama wa chai. Mizani iliyofutwa kwa mkaa nayo nimeijua, na wewe unaijua: yule mnunuzi aliyepakia magunia ya wenziwe akasema pesa kesho. Hakumsahau mpaka anaingia kaburini.

Lakini hivi, nikwambie kilichonichekesha matangani? Kila aliyeingia anasema, "Mama wa watu, alikuwa mtulivu." Mtulivu nani? Nilijifunika buibui nikacheka hadi shangazi akadhani nimezidiwa, akaniletea maji. Mwanamke hata akila, ukili uko mapajani! Unakumbuka 1989, mwani ulipoanza hapa na Jambiani, wanaume walivyocheka, ati wanawake wanapanda nyasi baharini? Marehemu baba alisusa chakula siku mbili. Siku ya tatu akala, maana aliyepika ndiye aliyerudi na pesa. Nyumba zilipoanza kuezekwa bati, sikumsikia tena mtu akicheka. Halafu maji yakapata moto, ule mwani wa kotonii ukawa unaoza kwenye kamba, wengi wakaacha. Yeye akabaki na ule wa spinosum, ambao bei yake karibu na bure. Nikimwambia mama pumzika, ananijibu, "Nimpumzikie nani?"

Mwaka jana magoti yalipomkatalia, alibebwa mpaka ufukweni na ndoo yake, akaipindua akaikalia, akawa anafunga mbegu kwenye kamba huku wajukuu wanakwenda kuchomeka vijiti. Anawapigia kelele kutoka huko huko juu, "Kaza hiyo! Hiyo kamba ya bibi yako au ya paka?" Vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika, lakini akikushika shavu huvisikii.

Na yule kitinda mimba wangu. Kila alfajiri, kabla ya chuo, bibi yake alimuuliza: leo mwezi una siku ngapi? Akikosea, uji haupati mpaka ahesabu upya kwa vidole na aseme maji yatatoka saa ngapi. Sasa bibi hayupo, na mtoto bado anaamka. Anakuja kusimama mlangoni kwangu gizani. "Mwezi kumi na tatu, mama. Bamvu linaanza." Mimi hata sijui nimjibu nini. Namwambia haya, kanywe uji.

Tuyaache. Daftari. Nilitaka kukutumia picha kwa simu, lakini penseli imefifia, haionekani kitu. Kwa hiyo nimechomoa kurasa tatu, anakuletea mpwa wangu pamoja na barua hii. Usizipoteze, na usimpe mtu chai juu yake, nakujua.

Sasa niambie. Picha za upande wa kushoto ni za wanaomdai, au za anaowadai yeye? Hapo ndipo tunapogombana, kaka anasema hivi, dada anasema vile, na wote wawili hawakuwahi kulishika. Samaki ni yule wa Bwejuu au mdogo wake? Mlango ni fundi, au ni jirani aliyekuwa hafungi mlango? Mwenye kichwa kikubwa ni nani, jamani, maana tumemhesabia vistari arobaini na saba na hakuna anayetaka kujitambua! Baiskeli je? Na wewe lini utakuja, au mpaka nife na mimi?

Halafu ukurasa wa kwanza pana kiatu. Kimoja, cha shule, kina kamba. Vistari vyake vyote vimezungushiwa duara, na hakuna picha nyingine yenye duara daftari zima. Hicho sikuulizi cha nani, nilikuwapo siku ile ulipovivaa. Duara maana yake nini?

Nipigie ukishazipata, hata iwe usiku wa manane.

Ni mimi shogayo.